Hema la Matanga kwa Mtu Aliye Hai

Mliniacha kwenye benchi la wodi, Ijumaa jioni, Baba akiwa amekubali kupasuliwa.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Nekoye, mtafiti wa soko katika Benki ya Tarnholm, benki ya ng'ambo iliyofungua tawi mjini Nakuru. Mradi niliobuni walimkabidhi Chelimo, rafiki yangu, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe. Wiki hiyo hiyo Baba akaanguka bafuni na madaktari wakakuta uvimbe kwenye utumbo wake. Nilidhani mabaya ya mwezi huo yameisha.

Jumamosi asubuhi nilimwacha Baba kitandani akilalamika njaa. Anayesubiri kupasuliwa hali kitu. Niliona ni dalili nzuri. Mtu anayedai uji hajakata tamaa.

Nilikuwa nakwenda mtaani kwetu Bondeni kumchukua Mama ili awe karibu Baba akiingizwa chumba cha upasuaji. Kabla sijafika nyumbani nikasikia vilio.

Jirani yetu Wamuyu, anayekaanga chapati kwenye kona, alikuja mbio na mikono iliyojaa unga. Akanikumbatia, nguo zangu zote zikawa nyeupe.

"Pole, Nekoye. Pole sana. Mzee alikuwa mtu wa watu."

"Alikuwa?"

"Ai! Kwani hujaambiwa?"

"Wamuyu, nimetoka kwake sasa hivi. Amenituma sabuni."

Aliniachia. Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama kama anayetafuta homa usoni kwangu.

"Basi lile hema ni la nani?"

Lilikuwa mbele ya mlango wetu. Kijani na nyeupe, jina la benki likizunguka ukingo wote, na viti vya plastiki vya rangi hiyo hiyo vimepangwa kwa mistari. Kijana mmoja alikuwa akijaribu spika. "Hello. Hello. Moja mbili."

Hema hilo nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni wazo langu.

Benki ya kigeni ikiingia mji kama wetu, kwanza hununua mabango ya barabarani. Halafu hudhamini mashindano ya mpira, hugawa miavuli na kalamu. Watu hupokea mwavuli na kuendelea kuweka fedha pale walipokuwa wakiweka. Nilizunguka Nakuru, Molo na Gilgil nikiuliza swali moja: nitajie benki unazozijua. Sikuwatajia jina lolote. Katika kila watu kumi, labda mmoja aliitaja yetu, naye aliiita "ile ya wazungu".

Nikauliza swali la pili. Mara ya mwisho ulikaa mahali muda mrefu, huna haraka, unasoma chochote kilichoandikwa mbele yako, ilikuwa wapi?

Wengi walijibu: matangani.

Ndivyo mradi ulivyozaliwa. Huku kwetu msiba haufanyiki bila hema, viti na spika, na anayevileta bure hasahauliki. Baada ya miezi sita, watu wanne kati ya kumi walitaja jina letu kabla ya benki nyingine yoyote. Makao makuu ng'ambo waliuita mfano wa kuigwa, wakauandika kwa jina la Chelimo. Hayo niliyasimulia.

Ambalo sikusimulia ni kwamba niliweka masharti mawili. Hakuna wauzaji ndani ya hema. Na hema halitoki bohari mpaka mtu wa familia athibitishe kifo kwa mdomo wake kwenye simu. Sharti hili la pili lilikuwa dhidi ya uvumi. Molo tuliwahi kupeleka hema kwa jirani wa marehemu, na jirani huyo hakucheka.

Kwa hiyo mtu wa familia yetu alikuwa amethibitisha.

Ndani ya nyumba Mama alikuwa amekaa sakafuni, leso kiunoni, viatu amevua. Wanawake wa kanisa walikuwa wamemshika mabega.

"Mama, Baba yuko hai."

"Usinidanganye."

"Yuko hai. Nimemwacha akigombana na nesi."

"Nekoye, nimeona hema likishuka kwenye lori la kazini kwako. Nikajua. Nikasema, huyu mtoto ameogopa kuniambia, ametuma hema liniambie." Hakupaza sauti. "Benki yako inajua mume wangu amekufa kabla yangu mimi. Hiyo ndiyo kazi mnafanya huko?"

Nilipiga simu wodini nikaweka spika.

"Mzee Masinde?" nesi alisema. "Huyo ako sawa. Alikuwa hapa saa hii anaulizia viatu vyake."

Mama aliinuka bila kushikwa. Wanawake wa kanisa walitazamana; mmoja alikuwa tayari na pambio mdomoni, akalimeza.

"Nani amemzika mume wangu?" Mama akauliza.

"Nitajua. Lakini kwanza Baba asisikie habari hii."

Alielewa mara moja. Ilituchukua siku kadhaa kumshawishi Baba. Wenzake wawili wa zamani wa reli waliingia chumba cha upasuaji wakatoka wamefunikwa, na tangu hapo alikihesabu chumba hicho kama kaburi lenye taa. Daktari wa upasuaji hutoka Eldoret Jumamosi tu. Alikuwa ameniambia wazi kwamba uvimbe haujasambaa, ila unakaribia kuziba njia. Leo kuna nafasi nzuri, Jumamosi ijayo hawezi kuahidi. Baba akisikia kwamba Bondeni tayari wanamlilia, hatalala kwenye kile kitanda.

Nikatoka nje kuwaambia vijana washushe hema.

"Aah, boss, sisi tumetumwa tu," yule wa spika alisema. "Ongea na madam."

Madam alikuwa Chelimo, nyuma ya lori, fulana ya kijani, simu mkononi. Aliponiona alifungua mikono anikumbatie. Nilibaki pale nilipokuwa.

"Neko, pole. Nilitaka kukupigia."

"Nani alithibitisha?"

"Mtu wa familia. Vile rule yako inasema."

"Mtu gani?"

"Mwanaume. Alisema ni wa familia. Nekoye, please, tusiongee hivi mbele ya watu."

Katika familia yetu mwanaume mwingine ni mmoja, ndugu yangu Joash. Joash analima viazi katika shamba letu la Njoro, shamba ambalo Mama na mimi tulikuwa tumekubaliana liuzwe ili Baba atibiwe. Nilimwona akiegesha pikipiki. Niliunganisha mambo haraka, na kwa haraka hiyo nikakosea.

"Shamba sasa ni lako?" nilimwambia. "Umefurahi?"

Joash alivua helmeti. Macho yalikuwa yamevimba na kamasi zimekauka kwenye mdomo wa juu.

"Nimetoka Njoro nikilia njia yote. Lori limenipigia honi mpaka likachoka. Na wewe unaniuliza shamba?"

"Nani alikuambia amekufa?"

"Wamuyu, kwa simu. Naye aliambiwa na hema."

Nilimwambia Baba yuko hai. Ndugu yangu aliketi chini kwenye vumbi, akaanza kucheka, halafu akalia tena. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimemhukumu kwa dhana, jambo ambalo kazini ningemfukuzia mtu.

Wamuyu alikuwa amenifuata na fimbo yake ya kusukumia chapati, asipitwe na neno.

"Huyu msichana wa fulana," alisema akimwelekezea Chelimo ile fimbo, "si ndiye nilimpata jana kwa kitanda cha mzee? Nilipompelekea chai hospitali. Alikuwa amekaa pale anaongea, anaongea, mzee anamwuliza maswali."

Nilimgeukia Chelimo.

"Nilimpelekea matunda," alisema. "Ni vibaya?"

"Kwa hiyo jana ulimwona yuko hai."

"Jana alikuwa hai. Watu hufa, Nekoye."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Niliyaweka mahali pake, nikaendelea.

"Aliyepiga simu, sauti yake uliijua?"

Alitazama lori.

"Chelimo. Uliijua?"

"Natalie anafika leo na wageni wa makao makuu. Wametoka ng'ambo kuona hema likifanya kazi. Town nzima hakuna matanga wiki hii, nimeuliza kila mochari. Nilikuwa niwapeleke wapi, Kuresoi? Na barabara ile?"

Natalie ndiye mkubwa wetu wa Nairobi. Ndiye aliyenipokonya mradi bila kuniambia mapema.

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Yake nani?"

"Ya baba yako. Alipiga leo asubuhi. Akasema, 'Mimi ni wa familia, na Mzee Masinde ameenda.' Nilimjua hata kabla hajamaliza."

Wamuyu aliangusha fimbo.

Sharti langu nilikuwa nimelitunga kuzuia waongo, walevi, majirani wenye kiherehere na wajomba wanaotafuta viti vya bure. Halikuwahi kunipitia akilini kwamba marehemu atapiga mwenyewe.

"Jana alikuuliza nini?" nilimwuliza Chelimo.

"Tunaleta nini kwa msiba. Nikamwambia, vile namwambia kila mtu. Hema, viti, spika, tangi la maji, basi la kubeba waombolezaji. Akaniuliza, 'Na mtu akipasuliwa mnaleta nini?' Nikamwambia, mzee, hapo hatuna kitu." Chelimo alikuwa amepoteza ile sauti ya ofisini. "Akacheka. Akasema sasa amejua benki inampenda mtu akiwa hali gani."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza."

"Mimi ndiye niliyekuingiza kazini. Ulilala kwetu miezi minne kabla hujapata nyumba. Mama alikuwa anakuwekea chakula. Na mzee anakuambia anataka kujizika, unamletea viti?"

"Nilifikiri ni mambo ya wazee! Anataka kuona watu wake. Nikasema saa sita tutasema ilikuwa makosa, tutawapa watu soda, waende. Hakuna mtu angeumia, Neko."

Nilipiga simu ya Baba. Haikushikwa. Nilipiga wodini.

"Madam, tulikuwa tunakutafuta," nesi alisema. "Mzee hayuko kwa kitanda. Viatu tulikuwa tumefungia, ameenda na slipas."

Mayowe yalianza upande wa barabara.

Baba alikuwa nyuma ya pikipiki ya bodaboda, amejifunga koti lake jeusi la reli juu ya gauni la hospitali, miguu myembamba nje. Wanawake waliokuwa ndio kwanza wanafika wakiimba, wasiojua lolote, walitawanyika kama kuku. Viti vikaanguka mistari miwili mizima. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameshika kipaza sauti alikiangusha, na sauti ya kile kipaza sauti kugonga chini ikasikika mpaka stendi.

"Yesu wangu!" Wamuyu alisema, akamshika Joash shati.

Baba alimlipa bodaboda. Alitembea polepole mpaka mstari wa mbele, akachagua kiti, akakipangusa, akaketi.

"Kaeni," alisema. "Si viti ni vya bure?"

Hakuna aliyekaa.

Wakati huo huo Natalie aliingia uwanjani, miwani juu ya nywele, akitembea haraka mbele ya wageni wake ambao gari lao lilikuwa bado linatafuta pa kuegesha.

"Chelimo, umejaza! Na hii ni asubuhi tu. Huyu mzee wa mbele ni nani? Ndugu ya marehemu?"

"Ni," Chelimo alisema, akakwama. "Ni marehemu."

Natalie alimtazama, akanitazama, akamtazama Baba, aliyemwinulia mkono kwa adabu. Ni mtu mwepesi kuelewa, hilo simnyimi.

"Nekoye, pole kwa haya," alininong'oneza. "Tutayazungumza ofisini. Lakini hema lisishushwe sasa. Wakiona linashushwa wataanza kuuliza."

Nilimpita. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Baba.

"Baba, twende. Daktari bado yuko. Gari ninalo."

"Hapana."

"Jana ulinikubalia."

"Jana ulikuwa unalia."

"Sikulia."

"Hukulia kwa macho. Nimekuzaa, nakujua." Aliweka mkono wake kichwani pangu. "Nilikubali ili uende ukalale. Sikiliza, Nekoye. Shamba la Njoro haliuzwi. Joash atalima nini? Nimekuja kuona nikienda mambo yatakuwaje. Nimeona. Hema zuri. Watu wamekuja. Mama yako hatakopa hata kijiko. Mimi hapo nimetosheka."

Wiki hiyo Chelimo alinificha jambo, Natalie alinificha jambo, na wote wawili nilikuwa nimeanza kuwatilia shaka kabla. Baba pekee ndiye niliyekuwa sijamchunguza. Aliponiambia "sawa, mwanangu, wanipasue," nililiandika neno hilo moyoni kama jambo lililothibitishwa, nikalijengea kila kitu. Nilipata usingizi juu yake. Yeye alikuwa amelala macho, akisubiri asubuhi apige simu.

Na chambo kilichomvuta nilikitengeneza mimi.

"Baba, daktari amesema kuna nafasi nzuri."

"Amesema nafasi. Hajasema atanirudisha."

Nilikuwa nikitafuta hoja nyingine wakati Mama alipotoka nyumbani. Alipita katikati ya watu bila kumtazama Baba. Akasimama mbele ya wanawake wa kanisa, waliokuwa wamejikusanya kwenye ukuta.

"Mbona mmenyamaza?" aliwauliza.

"Mama Joash, mzee si huyu hapa?"

"Huyo ni mgeni, amekuja matangani kama nyinyi. Mume wangu aliambiwa anaweza kupona, akakataa. Mume wa hivyo nimeshampoteza." Alikaza leso kiunoni. "Lieni. Hema limekuja, spika imekuja, mnangoja nini? Lieni!"

Hakuna aliyethubutu. Basi akaanza mwenyewe.

Kwetu Wabukusu mjane hamlilii mume kwa machozi matupu. Humsimulia. Hutembea mbele ya watu akimwita, akimkumbusha alikotoka naye, neno baada ya neno, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Mama alianza kwa Kibukusu, polepole, mkono kichwani.

"Masinde, ulinikuta kisimani na koti la kuazima. Ukasema ni lako. Masinde, nilijua si lako, nikakubali."

Mtu alicheka kwa woga. Baba hakucheka.

"Ukanileta mji wa watu, ukanionyesha chumba kimoja, ukasema ni cha muda. Masinde, nikapika humo. Nikazaa humo. Ukienda kazini usiku nilihesabu magari ya treni kwa sikio mpaka nisikie yako imefika. Sasa ni treni gani nitahesabu? Niambie. Wewe si unajua kila kitu? Umepanga hema, umepanga viti. Mimi umenipanga wapi?"

Wanawake wa kanisa walianza kuitikia, mmoja, halafu wawili, halafu wote. Joash alikuwa ameficha uso kwenye helmeti. Wageni wa benki walikuwa wamefika ukingoni mwa hema. Mmoja alivua kofia.

Nilimtazama Baba. Aliingia hapa akiwa mtu aliyekamilisha mpango. Sasa kidole chake kilikuwa kikikwaruza jina la benki lililochapwa kwenye mkono wa kiti. Matanga yote aliyowahi kuhudhuria alikaa na wanaume nyuma, wakiongea siasa. Hajawahi kukaa mbele. Hajawahi kusikia hili likisemwa kwa jina lake.

Simu yangu ililia. Nesi.

"Madam, daktari anauliza. Aliye mezani sasa akitoka, ni zamu ya mzee. Asipokuwa hapa tunaingiza mwingine, na daktari akimaliza anarudi Eldoret. Anakuja ama haji?"

Nilimwekea Baba simu sikioni. Nesi alirudia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwa Mama.

"Binti," alimwambia nesi, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyetosheka tena, "ngoja kidogo."

"Mzee, daktari hangoji. Ni ndiyo ama ni hapana?"

"Mke wangu bado ananililia. Siwezi kumkatiza. Akimaliza nitakujibu."

"Baba," nilisema, "muite. Mwambie unaenda, atanyamaza."

Alitikisa kichwa. Ilikuwa desturi, na Baba hajawahi kuvunja desturi hata moja. Nikamkimbilia Mama, nikamshika mkono, nikamwambia sikioni kwamba anasikiliza, anatikisika, akiacha sasa tutamchukua.

Mama aliuondoa mkono wangu.

"Nikiacha atasimama aende kulala kitandani kwake humo ndani, si hospitali," alininong'oneza kwa Kiswahili, akafuta uso, kisha akapaza tena sauti kwa Kibukusu.

Joash alikuwa ameshawasha gari langu. Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwangu, na kwa mbali nilimsikia nesi akimwambia mtu atayarishe kitanda kingine. Mama alikuwa amefika mwaka waliohamia Bondeni. Mbele yake kulikuwa na miaka arobaini ya kusimulia.